Hudihudi wa Bwana Whitlow

Mkoba wa darubini ya Baba una harufu yake: ngozi kuukuu, udi wa Mama, na chumvi ya pwani ya Norfolk isiyokubali kutoka. Juzi, baada ya arubaini ya Baba, niliufungua nikiwa nimekaa sakafuni chumbani kwake, Thornton Heath, kusini mwa London, na harufu ile ikanirudisha kwenye umri wa miaka tisa, na hasira zake zote. Nitakusimulieni, lakini msitarajie toba. Sijatubu.

Tulifika London baada ya mapinduzi, tukiwa na mabegi mawili na darubini hiyo. Unguja Baba alikuwa karani wa bandari, mtu wa kuitwa Sheikh Suleiman hata na wakubwa zake. London akawa kondakta wa basi, na tangu siku ya kwanza kazini walilikata jina lake wakamwita Sam. Hakulalamika. Jioni alikaa karibu na hita akidarizi kofia za viua, tundu moja baada ya jingine, kwa mishono midogo ambayo Mama mwenyewe hakuiweza. Jumapili alikwenda kutazama ndege na chama cha mtaani kwetu. Kila mwisho wa Machi, ndege wanapoanza kurudi kutoka Afrika, chama kilikodi basi hadi pwani ya kaskazini ya Norfolk, nami nilichukuliwa.

Chama kilikuwa na kitabu kikubwa cha jalada la kijani. Aliyemwona mbayuwayu wa kwanza wa mwaka aliandikwa humo kwa wino, jina kamili, na jina hilo likasomwa kwa sauti njiani kurudi. Baba alilitaka jambo hilo. Hakusema, lakini nilimkuta mara kadhaa akijaribu mwandiko wake nyuma ya tiketi za basi. Katika Uingereza nzima ni hapo tu ambapo angeandikwa Suleiman Khamis, si Sam.

Mwaka ule akamwona. Nilikuwa ubavuni kwake juu ya tuta, baridi ikiniuma masikio, na matope yakinuka mwani na mayai viza. Ndege mdogo mweusi alipita chini chini juu ya majani, mkia wake una panda.

"Mbayuwayu yule pale," Baba alisema taratibu, kwa Kiingereza chake cha ofisini.

Bwana Whitlow, mwenyekiti wa chama, mzee wa masharubu na filimbi shingoni, hakuinua hata darubini. "Mapema mno, Sam. Macho yako bado yako kwenu."

Watu wakacheka kwa adabu. Haukupita muda, Whitlow huyo huyo akapuliza filimbi, akawaonyesha watu ndege yule yule, akajiandika kitabuni. Njiani jina lake likasomwa, na Baba akampigia makofi. Niliyatazama makofi yale nikatamani kulia, kisha nikatamani kuuma mtu.

"Dawa ya moto ni moto," Mama alisema usiku huo, akigeuza chapati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Hasira hasara," Baba akajibu. "Muacheni mzee wa watu."

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Na nakwambieni, kisasi cha mtoto hakina haraka, kwa sababu mtoto hana kazi nyingine. Nilingoja mwaka mzima. Whitlow alikuwa akirudia kila safari kwamba tangu ujana wake anamtafuta hudihudi, ambaye pwani ile huonekana kwa nadra sana, na hajajaaliwa kumwona. Hudihudi nilimjua vizuri. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwamba ndiye aliyemletea Nabii Suleiman habari. Niliona imekaa sawasawa kabisa.

Nikamtengeneza. Mwili ulikuwa kipande cha pazia la zamani la rangi ya tangawizi, tumbo pamba, mdomo kijiti cha mshikaki, miguu njiti za kiberiti. Mistari ya mabawa niliichora kwa dawa ya viatu. Kushona sikujua, na mkia ulinishinda kabisa. Nilipokwenda kulala ulikuwa unaning'inia kwa pini. Nilimficha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda, na alfajiri nikalibeba boksi bila kulifungua.

Tulipofika, watu walisimama karibu na basi kunywa chai ya chupa, kama kawaida yao. Nilisema nakwenda haja. Nikiwa nakimbia niligeuka, nikamwona Baba, mtu asiyeuliza kitu, amesimama mbele ya Whitlow akimuuliza habari za maji kujaa na kupwa, na Whitlow amenipa mgongo, anaeleza kwa mikono miwili. Nilichukia kumwona baba yangu anajipendekeza hivyo. Nikamfunga ndege haraka haraka kwa uzi juu ya nguzo ya ua, ng'ambo ya mfereji, macho yangu yakiwa kwao.

Whitlow ndiye aliyemwona. Alisimama ghafla, akanong'ona, "Sam, darubini yako. Ina nguvu zaidi."

Baba alimpa kwa mikono miwili. "Tafadhali, mzee. Tazama wewe kwanza."

Whitlow alitazama hadi machozi yakamtoka. Akaagiza kitabu, akawaita wote wawe mashahidi, akaandika kwa wino, jina lake kamili chini ya neno hudihudi. Upepo ukavuma. Ndege akapinduka, kichwa chini, njiti za kiberiti juu, akaanza kuzunguka kwenye uzi wake. Bibi mmoja aliyekuwa na kofia ya sufu alianza kucheka, wengine wakafuata, na uso wa Whitlow ukawa mwekundu hadi shingoni. Utamu wa uso ule bado ninao mdomoni.

Baba alivuka matope akamfungua ndege, akamtia mfukoni. "Zuhura, haya ni mambo gani?" Nyumbani akaniketisha mezani niandike barua ya kuomba radhi. Nilibonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Whitlow hakuja tena, na mwaka uliofuata Suleiman Khamis akasomwa ndani ya basi, silabi zote. Nilifurahi, ingawa si kama nilivyofurahi ndege alipopinduka. Lakini barua ile sikumsamehe Baba hata nilipokuwa mtu mzima. Aliibiwa yeye, nikaomba radhi mimi.

Juzi, chini kabisa ya mkoba, chini ya darubini, mkono wangu uligusa pamba. Hudihudi. Miaka yote nilidhani alimtupa. Nilimgeuza nitafute zile pini zangu za mkiani, na pini hazikuwapo. Mkia ulikuwa umeshonwa imara, kwa mishono midogo iliyopangana, ile ya kofia za viua.

Nikakumbuka maji kujaa na kupwa. Nikakumbuka ile mikono miwili iliyompa Whitlow darubini. Nilicheka peke yangu pale sakafuni hadi nikalia, kisha nikamkasirikia upya, maana barua ile ilistahili saini mbili.