Nyuzi 2,310 za Bi Shufwa

Kitendawili, msomaji wangu: nina mama mkarimu. Wakija wageni wawili, watatu, watano, saba, hata kumi na mmoja, huwagawia sawa kwa sawa wala habakizi kitu. Majirani zake, wa kulia na wa kushoto, hawagawi na mtu. Umeshindwa? Nipe mji.

Jibu ni 2,310. Punguza moja au ongeza moja, utapata namba kaidi, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Saa mbili asubuhi, mfumi ambaye wenzake humwita Bi Shufwa ameinamia kitanda chake cha kufumia. Anahesabu mtande, zile nyuzi za urefu ambazo mshindio utapita katikati yake. Anazifunga kumi na moja kumi na moja.

"Kwa 2,310, ua la nyuzi tano, la saba, la kumi na moja, yote hufika ukingoni mazima," anasema. "Hakuna ua linalokatwa kichwa."

Fungu la mwisho linatoka na nyuzi kumi.

Anarudia, saba saba. La mwisho lina sita. Ni 2,309, jirani mchoyo.

Juzi tu ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na msimamizi wa karakana amesema wazi: kitambaa hiki kikiharibika, kitanda atapewa mwingine. Ndicho kilichosomesha watoto wake wanne.

Mkamwana wake, anayefuma kitanda cha pili, anasogea. "Mama, nikusaidie kufungasha vifaa vyako?"

Bi Shufwa anazidi kuinamia mtande.

"Macho hayo yamekula uzi," mtia rangi anatania kutoka mlangoni.

"Yangekuwa yanakula, yangeanza na wewe unayesimama bure."

Wanacheka, naye anacheka kidogo. Kisha anatulia, akikumbuka alivyotanda. Uzi hutoka kigingi cha kwanza, hufika cha mwisho, hugeuka. Kila safari, nyuzi mbili.

"Uzi huenda na kurudi," anasema polepole. "Jumla yake haiwezi kuwa witiri, labda uwe umekatika. Na ncha iliyokatika iko wapi? Sijaiona. Basi uzi upo, umejificha."

Anafumba hayo macho yanayosemwa. Vidole vinapita fungu kwa fungu, kama vya mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Karibu na ukingo wa kushoto vinasita. Nyuzi mbili zimegandana kwa wanga wa kukazia nyuzi, zimelala kama maharusi. Anazitenganisha kwa ukucha.

2,310.

Anaketi kwa kishindo, pumzi zikimtoka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Msimamizi anakuja, anapapasa mtande, anatikisa kichwa akitabasamu. "Bi Shufwa, endelea na kazi yako."

"Kikiisha hiki, nataka kutanda cha mara mbili yake," anamwambia. "Maua yatoshee pande zote."

Mkamwana bado amesimama, kikapu cha kufungashia mkononi. "Mama, hujanijibu."

Bi Shufwa anavuta kigoda karibu na kitanda.

"Kikapu hicho kitie nyuzi, mwanangu. Niletee mshindio."