Mita Tano Nyeupe za Sista

Sista aliyenifundisha kuuguza alinitumia sauti kwenye simu: "Mwanangu, nitafutie kitambaa cheupe, mita tano. Safari hii ni changu kweli." Nilikuwa Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, China, katikati ya majora, na nilielewa mara moja.

Niliishi na masista wale miaka miwili nikijiandaa kuwa mtawa, kabla sijaacha na kuingia biashara. Shirika lao lilianza na chumba kimoja nyuma ya kanisa, wakiuguza watu wa kifua kikuu waliokimbiwa na ndugu zao. Waliofia pale bila mtu, masista waliwazika wenyewe. Siku moja sanda ilikosekana, sista mmoja akatoa vazi lake. Tangu hapo ikawa desturi: kila sista hujishonea vazi la maziko angali mzima, na maskini akitangulia, hulichukua yeye. Sista wangu alikuwa ametoa matatu. La tatu tulimvika muuza mboga, mimi nikishika miguu. Sasa figo za sista zilikuwa zimechoka, na sanduku lake lilikuwa tupu.

Mwenye duka alitaka nichukue jora zima. "Mei you," alisema, hakuna kukata. Niliganda kwenye kiti chake mpaka akachoka kuniona, akakata.

Halafu nikakitia kitambaa kwenye mzigo wangu, na mzigo ukaenda bandari ya Nansha kupanda meli. Kila ninachonunua huenda huko, sikufikiri. Jioni jirani yangu, mfanyabiashara wa Mombasa, alikuja kuaga.

"Dada, huna kifurushi? Nafly kesho, na nina kilo nne ziko bure."

Nilimwambia sina, safari njema.

Wiki tatu baadaye mama mkuu wa shirika alipiga simu. Sista amefariki, wamemzika na nguo yake ya wodini, wameifua na kuipiga pasi. Nikasema kitambaa kiko baharini. Akasema hakuna neno. Nikasema sawa.

Nilikwenda Shisanhang, soko la nguo, nikachagua magauni hadi saa nane mchana, nikabishana bei kama kawaida. Nilitafuta huzuni moyoni, sikuipata. Nilijichukia kwa hilo, nalo likapita.

Tulipozungumza tena, mama mkuu hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba sista alikuwa ameshaweka uzi mweupe kwenye cherehani, na kila asubuhi aliuliza kama kuna mtu ametoka China.