Tulifagia Shamba

Mwaka ule mvua ya mawe ilitupiga mchana kweupe, kule juu ya Kabazi, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Ngano ya bwana mzungu ililala yote. Kipande chetu cha kambini, ambacho mimi na mama mkwe tulikilima kwa jembe, kilibaki vijiti. Mume wangu ndiye aliyeandikwa kazi, kwa hiyo posho ilikuwa ya mtu mmoja. Mama mkwe, mimi na mtoto wangu wa kunyonya tulikula kutoka kwenye kile kipande.

Siku ya tatu nyapara akapita kambini akitangaza kwamba ofisa wa serikali angekuja kutoka Nakuru kuona hasara. Bwana angelipwa fidia ya ngano, na sisi tulioharibikiwa tungepewa mbegu tupande tena.

Bwana akakataza mtu kugusa ngano hata bua moja. Ikaanza kunuka pale pale, nasi tukamcheka.

"Mtu mzima na shamba chafu hivi, na anajua ana mgeni!" mama mkwe alisema.

Yeye alikuwa mtu wa kufagia uwanja mara mbili kwa siku. Kwetu magharibi mgeni haonyeshwi boma lililovurugika, hata kukiwa na msiba. Basi tukaingia shambani, mtoto mgongoni, tukang'oa kila bua na kusawazisha udongo. Mimi ndiye niliyewasha moto wa kuchoma takataka. Nilijivunia kazi ile, Mungu anisamehe.

Ofisa alizunguka kwenye ngano asubuhi nzima, akiandika na kutikisa kichwa kwa huruma. Mama mkwe akamngojea njiani, akamwomba aje aone na kwetu.

"Mahindi iko wapi?" akauliza.

"Tumesafisha, bwana," mama mkwe akajibu kwa heshima. "Tulijua unakuja."

"Mimi naona udongo tu."

Akafunga daftari. Nyapara, aliyefuatana naye na aliyeyaona mahindi yale yakiwa yamesimama kabla ya mawe, alitazama viatu vyake.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipona kweli, yule wa nyumba kubwa. Fidia ilipotoka akanunua trekta jipya. Sisi tuligawana posho ya mtu mmoja mpaka maziwa yangu yakaanza kukauka. Mama mkwe akaliona hilo, akasema atarudi kwao ili mtoto apate. Siku ya kupanda treni alifagia uwanja kwanza, kisha akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyewanyima mbegu."

Nikamwachia lawama hiyo, kwa sababu hata mimi niliamini hivyo.

Miaka miwili baadaye mawe yakaanguka tena. Safari hii sikugusa hata jani. Mabua yalilala mpaka magugu yakayafunika. Ofisa mwingine akaja, akatazama ngano, akanywa chai kwa bwana, akarudi mjini. Nikamfuata nyapara kumwuliza habari za mbegu zetu.

"Mama, mbegu haikuwako," akasema. "Hata ile mara ya kwanza. Bwana aliniambia niseme hivyo ndio watu wasihame."

Nilimtukana mpaka sauti ikakatika. Nilitaka mama mkwe asikie maneno yale. Lakini tulikuwa tumeshamzika, na alikufa akiamini kosa lilikuwa la ufagio wake.