Nundu Waliyonificha

Kila Jumamosi asubuhi mwanangu huniletea mjukuu wangu nimpake mafuta ya nazi kichwani na kumsuka. Ana miaka minne, na nywele zile kazitoa kwangu, si kwa mamake, mtu asinibishie. Jumamosi moja hawakuja. Nikapiga simu.

"Ana homa kidogo, mama," mwanangu akasema. "Usijisumbue kuja."

Homa? Mtoto akichemka kidogo tu wao hunipigia mimi kwanza. Leo eti nisijisumbue! Nikavaa buibui langu, nikatoka Malindi mpaka kwao Mambrui.

Madirisha yote yamefungwa, nyumba kama ina mtu wa eda. Mkwe wangu akafungua mlango nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Amelala. Daktari kasema apumzike."

"Na madirisha, daktari kasema yana homa pia?"

Nikampita. Mwanangu alikuwa kakaa kando ya mtoto, na duka lake Jumamosi halifungwi hata kwa mvua. Televisheni imefunikwa kanga. Mtoto kafungwa mtandio kichwani, ndani ya nyumba, na joto lile. Nilipounyoshea mkono ule mtandio, mkwe wangu akanidaka kiwiko. Tangu aolewe hajawahi kunishika hivyo.

Nikajua wamempiga. Mwanangu nampenda, lakini nilimzaa pamoja na hasira za babake.

"Nani kampiga mtoto?"

"Kaanguka kitandani," mkwe akasema.

"Kaanguka ngazini," mwanangu akasema, papo hapo.

Wakatazamana. Nyumba yenyewe haina ngazi, ina vidato viwili tu vya barazani.

"Haya, chagueni," nikawaambia. "Kitanda au ngazi?"

Mtoto akafungua macho, akayafinya kwa mwanga wa mlangoni. "Nyanya, baba alinibeba mabegani. Tukapita mlangoni, mlango ukanipiga."

Mlango wao ni wa kizamani, mfupi. Mwanangu huinama akipita. Siku ile aliinama yeye, akasahau kwamba juu yake kuna kichwa kingine. Mtoto akagonga kizingiti cha juu, akaanguka chali sakafuni. Mwanangu alinisimulia akitazama miguu yake. Hapo nikamwamini, lakini nusu.

"Sasa homa imetoka wapi? Mimi ni polisi hata nidanganywe?"

Mkwe wangu akasema, "Mama, usikasirike. Tuliiogopa mikono yako."

"Mikono yangu?"

"Daktari kasema ubongo umetikisika. Kichwa kisikandwe, mwanga na televisheni asitazame, asicheze, asipigiwe kelele. Nawe, mama, ukiona nundu huiachi."

Ilinichoma. Kwetu mtoto akivimba kichwa, unapasha mafuta ya nazi, unachovya kitambaa, unaikanda nundu mpaka ilale. Mimi nimelaza nundu za mtaa mzima, hao waliopona wakawa watu wazima wenye ndevu, leo nafichwa mjukuu wangu kama mwizi! Lakini nikamtazama mwanangu. Macho mekundu, shati la jana. Nikauliza, "Ametapika?"

"Mara moja. Tulimrudisha hospitali, wakampima. Wakasema tumwangalie sana. Akitapika tena, au asitujue, tumkimbize."

Asitujue. Neno hilo lilinikalisha.

"Nendeni mkajinyoshe," nikasema. "Nitamwangalia mimi."

Hakuna aliyeondoka. Wote wawili wanatazama mikono yangu. Na mtoto naye, kana kwamba katumwa, akaomba, "Nyanya, kichwa kinauma. Nikande."

Mkwe wangu akasogea hatua moja.

"Sikukandi," nikasema. "Wenye mtoto wamekataza. Lete mguu."

Nikamshika mguu. Mguu hawakuukataza. Mwanangu akaenda kulala. Mkwe wangu akasema naye analala, akatandika mkeka pale pale mlangoni, uso kwangu, jicho moja wazi. Nami nikamtazama vivyo hivyo, maana mtu aliyeniambia kitanda anaweza kuniambia mengine.

Mtoto akakohoa. Tukaruka sote wawili, mimi na beseni, yeye na taulo. Kikohozi tu.

"Mimi nani?" nikamwuliza, nimemwinamia.

"Nyanya," akasema, kanuna. "Kwani wewe hujijui?"

Mkwe wangu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa lile taulo. Nikamwashiria kwa kidole: polepole, daktari kasema asipigiwe kelele.