Miaka Yangu Ndani ya Mkia wa Simba

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkia. Nilikuwa nimeingia kwenye ukumbi wa mtaa wetu, Kaloleni ya Nairobi, nikidhani nitafundishwa kupiga mateke, maana bango la mlangoni lilitangaza shule ya kung fu. Mchezo wenyewe nilikuwa nimeuchagua kwa sababu moja tu ya maana: hapakuwa na shule nyingine yoyote iliyokuwa karibu hivyo na kitanda changu. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Sifu kwa kuwa ndilo jina la heshima la mwalimu wa mchezo huo, alinitazama kuanzia mabegani hadi magotini kama mtu anayenunua meza.

"Unapenda kuonekana?" akaniuliza.

"Sipendi sana, Sifu."

"Mgongo?"

"Mzima."

"Basi ingia nyuma."

Nyinyi mnaoulizwa siku hizi mna uzoefu wa miaka mingapi, nioneeni wivu.

Shule za kung fu huchezesha pia simba wa Kichina kwenye sherehe, naye si yule wa mbugani. Kichwa chake ni fito za mianzi zilizofunikwa karatasi ngumu na kupakwa rangi, nyusi zake ni manyoya, na kope zake huvutwa kwa kamba ili apepese macho. Kuanzia shingoni anafuata kitambaa kirefu chekundu chenye magamba ya dhahabu. Humo huingia watu wawili. Wa mbele huitwa kichwa na wa nyuma huitwa mkia, ingawa mkia ndio mgongo, kiuno, miguu ya nyuma na, mambo yakiwa magumu, ngazi. Mkia huinama, hushika mshipi wa mwenzake kwa mikono miwili, na hukaa hivyo hadi shughuli iishe. Kichwa changu alikuwa Wafula, fundi viatu wa Jericho, mtu mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo.

Mle ndani mlikuwa na mchana wa aina yake. Jua likipita kwenye kitambaa linageuka jekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu rangi ambayo sijaiona tena mahali popote. Sauti za watu zinakufikia kama zimevaa soksi. Tulipelekwa kwenye harusi, sherehe za shule, yadi za kampuni za Wachina wajenzi wa barabara wakati wa mwaka wao mpya, na kote huko niliona ardhi tu. Naijua Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji, kwa sakafu zake: saruji nyekundu iliyosuguliwa, kokoto, maganda ya njegere. Kwa mtu asiyependa kutoka nyumbani, hakuna cheo kinachozidi hicho. Mke wangu alipolalamika kwamba simtembezi, nilimjibu kwamba mimi mwenyewe natembea nikiwa nimejifunika blanketi.

"Ndiyo maana unarudi na usingizi, Baba Rose," akasema.

Nilikuwa nasinzia kweli. Wengi hudhani simba huifuata ngoma, kumbe ngoma ndiyo humfuata simba: kichwa kikiinuka, mpigaji anaongeza, kikishuka, anapunguza. Simba akilala, ngoma hubaki ikinguruma kidogo kama mvua iliyo mtaa wa pili. Nyakati hizo nililala chini nikiwa nimeshika mshipi wa Wafula, na mara nyingine alilazimika kunipiga teke la kisigino kunikumbusha kwamba kulala kwetu ni mchezo.

Kilele cha kazi yetu kiliitwa kuchuma mboga. Mwenye shughuli huning'iniza fungu la majani juu ya mlango wake, simba huyafikia, huyatafuna, kisha huyatema na kuyatawanya juu ya watu ili baraka zienee. Kwao Uchina hutumia saladi. Sifu alisema simba akiishi Nairobi atakula sukuma wiki kama sisi wote. Kule soko la Jericho akina mama wauza mboga hawakutusamehe haraka. "Wafula," mmoja wao alimwambia akiokota majani, "huyo mnyama wenu mwambieni mboga inamezwa."

Mboga hufungwa kwa uzi mwepesi unaokatika ukivutwa. Na simba akishaiendea, haruhusiwi kuipa mgongo kabla hajaila, maana ataondoka na bahati ya nyumba ile. Ili kuifikia, kichwa hupanda juu ya mapaja ya mkia na kusimama. Hapo ndipo goti langu la kushoto lilipoanza kuwa na maoni.

Sifu aliliona kabla sijalisema. Akanivuta kando ukumbini.

"Goti linasemaje?"

"Linasalimia, Sifu."

"Njiru kuna duka la vifaa vya ujenzi linafunguliwa. Mbebe Wafula vizuri, utaendelea. Ukiyumba, Akinyi anachukua mkia. Sitaki mtu avunjike shingo kwa sababu ya heshima yako."

Akinyi alikuwa mpiga matoazi wetu, mwenye miguu imara, na alikuwa ameanza kujifunza mkia siku ambazo nilichelewa kuamka. Sikuwa na kinyongo naye. Ila sikutaka kutoka. Wengine hustaafu wakarudi nyumbani. Mimi nilihisi naambiwa nihame.

Njiru tulikwenda asubuhi yenye jua jingi. Mwenye duka, Bwana Salim, alikuwa ametundika sukuma juu ya mlango wa chuma. Ngoma ikapanda. Nikachuchumaa, Wafula akaruka, viatu vyake vikatua mapajani mwangu. Nikangoja kusikia majani yakikatika. Sikusikia.

"Buda, uko?" Wafula aliuliza kutoka juu.

"Niko. Chuma."

"Nachuma. Hii kitu imegoma."

"Vuta basi."

"Navuta, manze. Amefunga na waya. Ile ya kufungia nondo."

Mwenye duka la ujenzi angefunga na nini tena? Bwana Salim alitaka mboga yake isidondoke, akaifunga kama nguzo ya ghorofa. Juu yangu Wafula alivuta, simba mzima akaning'inia kwa meno, na goti langu likaacha kusalimia likaanza kuaga. Nilijua nikisema ateremke, mkia si wangu tena. Nilijua pia nikikaa kimya, ataanguka kwenye ngazi za saruji.

"Teremka," nikasema.

"Na mboga?"

"Tutalala chini yake."

Akateremka polepole. Simba akajikunja mlangoni, akafumba macho, na ngoma, ikimfuata kama kawaida, ikashuka hadi ikawa ile mvua ya mtaa wa pili. Mwanga wa chungwa ukanifunika, nikalaza shavu kwenye saruji mpya ya Bwana Salim, ilikuwa baridi na ikinukia maji. Nikasikia kandambili zikikaribia, kisha plaisi ikikata waya, kisha sauti ya mwanamke mzee. Alikuwa Bi Mkubwa, mama yake Bwana Salim.

"Kula, baba," alimwambia simba akimwekea majani mdomoni. "Umetoka mbali, na huyu mwanangu hajui kufunga mboga."

Simba akala, akatema, watu wakacheka na kujipangusa majani. Kichwa kikasimama. Mkia haukusimama. Wafula akamfanya simba akae kitako kama mbwa anayengoja mfupa, na tukamaliza shughuli hivyo. Wageni walidhani ni ufundi. Sifu hakudhani.

"Umefanya kazi safi," aliniambia nikitolewa chini ya kitambaa, huku akinishika kwapa. "Ndiyo ya mwisho."

Tangu hapo nimekaa nyumbani kwa bidii, mke wangu ni shahidi. Sikuwa na hamu ya kwenda ukumbini. Ila juzi simba alialikwa kwenye harusi ya jirani, nami nikawekewa kiti uani pamoja na wazee wenzangu. Akaingia, Wafula mbele na Akinyi nyuma. Najua kila kamba ya mnyama yule, nimelishona mwenyewe tumbo lake, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kumwona akicheza. Nikatafuta kiuno cha Wafula. Nikatafuta magoti ya Akinyi nipate kuyakosoa. Sikuyaona. Niliona simba akinijia, akinusa vidole vyangu na kupepesa macho, na mimi, mtu mzima, nikarudisha mkono haraka nisiumwe.