Sufuria ya Nukta Tatu

Mwezi uliopita nilienda Thika kutafuta koleo. Si koleo la kung'olea misumari, hilo ninalo. Nilitaka la kunyanyulia chungu chenye madini yaliyoyeyuka. Usicheke. Watu wa rika langu hapa Membley hununua baiskeli za kupunguza tumbo ama hufuga sungura, mimi nimeamua kuyeyusha alumini nyuma ya nyumba. Nimekusanya fremu za madirisha ya zamani, vifuniko vya injini na sufuria zilizochoka, mpaka mume wangu ananiuliza kama alioa mwalimu au mchuuzi wa vyuma chakavu.

Muuzaji, kijana mchangamfu, alinionyesha kila kitu alichokuwa nacho. Tanuri la makaa nilimwambia siwezi, majirani wa estate watalalamikia moshi kabla sijayeyusha hata kijiko. La umeme nililiogopa kwa sababu stima zetu unazijua. Nikachagua la gesi, na chungu cha grafiti. Kisha nikakitia chungu vipande vya matofali kiwe kizito, nikaanza kujaribu koleo moja baada ya jingine. La kwanza liliteleza, la pili lilikibana ukingoni tu. La tatu lilikikumbatia tumboni, nikakiinua na kukiinamisha kana kwamba ninamimina, nalo halikutikisika.

"Madam, hii kazi umefunzwa na nani?" kijana akauliza. "Watu huchukua tu koleo yoyote."

"Nimeona kwa simu," nikajibu.

Ulikuwa uongo. Nilifunzwa na mtu, na haikuwa mara yangu ya kwanza kumkana.

Nililelewa na nyanya yangu, shosho, kule Mugutha, wakati ambapo ukisimama kwenye geti yetu ulikuwa unaona kahawa mpaka macho yachoke. Asubuhi zilinuka moshi wa kuni na chai ya maziwa. Nilichota maji, nilichambua maharagwe, nilifagia uwanja, na hizo zote nilizifanya bila kunung'unika sana. Kazi niliyoichukia ni kusugua sufuria. Tulitumia majivu na gunzi la mahindi, na masizi yalikuwa yakihama kutoka kwenye sufuria yanakuja kukaa kwangu.

Shosho alikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama wa kanisani. Palipokuwa na harusi, sherehe ya mahari, yaani ruracio, au mazishi, sufuria zilitoka kwenye stoo yetu na zikarudi hapo hapo. Zilikuwa kumi na mbili, zenye vishikio vya chuma, na kwenye kila kishikio akina mama walikuwa wamegonga nukta tatu kwa msumari ili zisichanganyike na za watu wengine. Hata shosho mwenyewe hakuthubutu kuzitumia. "Sufuria ya kikundi haichemshi chai ya mtu," alikuwa akisema, na alilisema hilo kwa uso ambao haukuruhusu maswali.

Ploti ya tatu kutoka kwetu alikaa fundi. Alikuwa ametoka magharibi ya nchi kuja kufanya kazi kiwandani Thika, na kazi ile ilipoisha akapanga chumba Mugutha, akaanza kutengeneza sufuria nzito za alumini nyuma ya nyumba. Kiswahili chake kilikuwa na wimbo tofauti na wetu. Miaka ilipita na bado aliitwa mtu wa kuja. Nikisema ukweli, majirani walizipenda sufuria zake kuliko walivyompenda yeye.

Vifaa vyake vyote alijitengenezea. Tanuri lilikuwa nusu ya pipa la mafuta, ndani limekandikwa udongo uliochanganywa na majivu, ubavuni limetobolewa tundu. Upepo wa kuchochea makaa ulitoka kwa feni ndogo aliyoizungusha kwa gurudumu la baiskeli. Chungu kilikuwa kipande cha bomba nene kilichochomelewa kitako. Mchanga aliuchota mtoni, akauanika, akauchekecha kama unga, kisha akaulowesha kidogo tu. Aliufinya kiganjani na kuuvunja, na ukivunjika vipande viwili safi alitabasamu peke yake.

Mimi nilikaa juu ya jiwe na kumuuliza maswali yasiyoisha, naye aliyajibu yote. Aliniambia ukitaka kuanza kazi hii usianze kwa kutafuta moto. Anza na chungu na koleo, uvichague siku moja kama kiatu cha kulia na cha kushoto, maana koleo lisilokifaa chungu litakumwagia miguuni. Kila kitu kitakachogusa madini moto kipashwe kwanza kikauke, hata kijiko cha kuondolea takataka, kwa sababu tone moja la maji huyarusha yote usoni. Viatu viwe vya ngozi, na suruali ishuke juu ya viatu, isichomekwe ndani. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuongea nami hivyo, kwa muda mrefu hivyo, bila kunituma kitu.

Sasa sikiliza nilivyomlipa.

Siku moja ya likizo shosho alipeleka avokado zake sokoni Thika, akaniachia kazi moja tu, kuchemsha githeri. Sufuria yetu ilikuwa na ukoko wa ugali wa jana. Nilipaswa kuiloweka na kuisugua. Badala yake nikafungua stoo, nikachukua sufuria ndogo kuliko zote za kikundi, nikajiambia nitaiosha na kuirudisha kabla shosho hajafika. Nikatia mahindi na maharagwe, nikajaza maji, nikasukuma kuni. Ndipo nikasikia gurudumu la fundi likianza kuzunguka.

Nilikusudia kuangalia kidogo tu. Lakini siku hiyo alikuwa anatengeneza sufuria kubwa ya hoteli, na mimi sikuweza kubandua macho. Nilikaa mpaka alipoondoa takataka za juu na madini yakang'aa, mpaka alipomimina, mpaka alipovunja mchanga na sufuria ikatoka imejaa vumbi. Kilichonirudisha nyumbani ni harufu ya kuungua.

Maji yalikuwa yamekauka zamani. Kitako cha sufuria kilikuwa kimeyeyuka, alumini imechirizika kwenye majivu na kuganda matone matone, na githeri imeangukia motoni. Niliogopa mpaka nikashindwa kulia. Niliizika ile githeri chini ya migomba. Kisha nikaisugua sufuria yetu ya ugali, sasa kwa bidii ambayo shosho hakuwahi kuiona, nikaitia ya kikundi kwenye gunia na kumpelekea fundi.

"Hii haizibiki," alisema huku akipitisha mkono kwenye shimo. "Ni ya nani?"

"Ni ya shosho. Amesema uyeyushe tu."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Eeh."

"Sawa. Mwambie akuje achague kitu. Siwezi kula chombo ya mama bure."

Akakata vishikio kwa patasi na kuvitupa kwenye debe la vyuma, maana chuma hakiyeyuki kwenye moto kama wake. Nilivitazama vikianguka, nukta zikiwa juu. Sufuria yenyewe akaiponda na kuichovya kwenye chungu kidogo kidogo, ikazama. Ujumbe wake sikuufikisha. Shosho aliporudi nilimwambia githeri imeungua nikaitupa, na nikapata kofi moja ambalo nililipokea kwa furaha, nikidhani mambo yamekwisha.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na harusi. Sufuria zilipohesabiwa zilikuwa kumi na moja. Akina mama wakaulizana, wakatafuta nyumba hadi nyumba, kisha mwenyekiti wao akasema hakuna haja ya kuhangaika, kuna mtu hapa ambaye kazi yake ni kuyeyusha sufuria. Wakaenda kwake wote, shosho akiwa katikati yao. Nami nikafuata, kwa sababu nilihisi nikibaki nyuma watajua.

Mwenyekiti alilimwaga lile debe chini. Hakutafuta sana.

"Na hii ni nini?" akasema akiinua kishikio.

Fundi alikichukua, akakifuta kwa kidole gumba. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuziona zile nukta. "Hii nililetewa na msichana ya huyu mama," akasema, akinionyesha kwa kidevu, bila hasira yoyote. "Alisema ametumwa."

Shosho akanigeukia. "Ni ukweli?"

"Sijui hiyo sufuria, shosho. Mimi hukuja hapa kuangalia tu."

Nililisema bila kutetemeka. Nimejitetea kwa mengi tangu siku hiyo, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa fimbo, lakini sauti yangu haikutetemeka na sina la kujitetea kwa hilo.

Fundi alinitazama. Nilingoja ataje gunia, ataje siku, ataje maneno yangu yote. Alijifuta mikono kwenye suruali.

"Basi labda ni msichana mwingine," akasema. "Wasichana wengi hupita hapa. Mama, nisameheni. Nitawatengenezea ingine."

"Hatupikii wageni wetu na chombo ya mwizi," mwenyekiti akajibu, na hayo ndiyo yakawa maneno ya Mugutha nzima. Watu waliacha kumpelekea sufuria zao kuukuu. Kanisani tuliambiwa tuwe macho na wanunuzi wa vitu vya wizi, na kila mtu akajua ni nani. Mwisho wa mwezi mwenye ploti alimwambia atafute mahali pengine.

Alipakia chungu, koleo na gurudumu kwenye mkokoteni. Tanuri halikubebeka. Alilivunja mwenyewe kwa nyundo, polepole, kama alivyokuwa akivunja mchanga. Nilimtazama nikiwa nyuma ya ua wa kayaba. Alipopita kwenye geti yetu alimsalimia shosho na kumshukuru kwa ujirani, na shosho aliitikia akiangalia chini. Mkokoteni ulikuwa mzito na njia ilikuwa ya tope, kwa hiyo alichukua muda mrefu kufika barabarani. Muda wa kusema ulikuwepo wa kutosha. Nilisimama tu.

Shosho alifariki bila mimi kumwambia. Kama alishuku, alikwenda nalo.

Basi siku ile ya duka, koleo likiwa ndani ya gari, nilishindwa kwenda nyumbani. Nikapinda Mugutha. Kahawa imeng'olewa yote, magorofa ya kupangisha yamesimama, na pale palipokuwa na tanuri pana mahali pa kuoshea magari. Hata sauti imebadilika. Zamani ungesikia kuni zikipasuliwa na mama akimwita mtoto, sasa ni mashine ya maji na redio. Sufuria za kikundi hazipo tena. Watu siku hizi hukodi hema, viti, vyakula na wapishi, yote kwa simu moja.

Mwenyekiti bado yu hai. Nilimkuta uani kwake akiwa na wazee wenzake wawili wa kikundi, wanakunywa chai. Walinipokea kwa shangwe, wakaniuliza habari za watoto. Nikawauliza kama wanamkumbuka yule fundi.

"Yule mwizi wa sufuria?" mwenyekiti akasema.

"Hakuwa mwizi. Ni mimi."

Nikawaeleza yote: ukoko wa ugali, githeri, gunia, nilichomwambia fundi na nilichomwambia shosho. Nilitokwa na jasho kama niliye mbele ya moto. Nilipomaliza walitazamana, kisha wakacheka kwa upole.

"Wewe?" mmoja akasema. "Wewe ulikuwa mtoto wa kuongoza nyimbo kanisani."

"Ni roho ya shosho yako hiyo," mwenyekiti akasema, akinipapasa goti. "Yeye pia alikuwa anaombea kila mtu. Unataka kumsafisha huyo mwanaume, na Mungu atakubariki. Lakini vile vishikio tuliviona na macho yetu."

Niliwauliza jina lake. Hakuna aliyelijua. Wala mimi silijui; miaka yote ile juu ya jiwe sikuwahi kumuuliza, nilimuuliza habari za mchanga na makaa tu. Kwa hiyo siwezi hata kuanza kumtafuta.

Ningeweza kubisha. Ningeweza kuwapeleka pale palipokuwa na migomba, kuapa, kurudia mpaka wachoke kucheka. Lakini walikuwa wananisifu, nami nilikuwa nimehisi, aibu iliyoje, wepesi fulani kifuani, kama mtu aliyesamehewa. Mwenyekiti akaniongezea chai. Nikasema asante, nikatia sukari, nikazungumzia mvua, na yule mtu nikamwacha Mugutha akiwa mwizi.