Lundo la Tatu

Nimerudi Kasense kuvuna shamba aliloniachia bibi, mwanangu mgongoni, na mvua inanyesha. Mwezi wa sita huu. Ufipa gani hii? Nilipokuwa mtoto mwezi wa sita ulikuwa wa baridi na upepo mkavu, midomo inapasuka, na mahindi ukiyagonganisha yanalia kama vijiti.

Tulichambua uani, miguu tumenyoosha, viazi vinaiva kwenye majivu. Bibi alitenga malundo matatu: mbegu, chakula, na yaliyoota ukungu, mweupe na wa pinki. Hilo la tatu halikujaza hata debe. Alilichoma. Kuku hawakupewa, wala pombe haikupikwa kwalo.

Mwaka mmoja wafanyabiashara wakaanza kuja na malori yao. Zamani mkaguzi wa ushirika alitoboa kila gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea punje, akazitazama kiganjani. Hawa walinyanyua gunia, wakaona zito, basi. Mimi, kwa akili yangu ya darasa la nne, nikaona bibi anapoteza mali. Nikalipukuchua lundo la tatu, nikalichanganya kwenye gunia zuri. Gunia lilipokuwa linapakiwa nikamnong'oneza bibi, nikingoja sifa.

Hakunipiga. Akalishika gunia.

"Shusha, baba."

"Mama, mashine itasaga yote," mnunuzi akacheka. "Nani atajua?"

"Atakayekunywa uji ni mtoto. Shusha."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mke mwenzangu, kaa hapa. Punje kwa punje, mpaka macho yakutoke."

Siku tatu nilichambua, naye kando yangu, akinitania kwamba kwa vidole vile hakuna mwanamume atakayenioa. Lori lilikuwa limeshaondoka. Pesa za gunia lile zilikuwa za viatu vyangu, nikaenda shule pekupeku mwaka mzima, na bado nilimpenda kupita kiasi.

Bibi hayupo. Ule ukavu haupo. Mwaka huu lundo la tatu limeyapita yale mawili yakiwekwa pamoja, maana mahindi yameozea shambani yakiwa bado yamesimama. Mnunuzi yuko barabarani, anabeba yote, haulizi. Jirani ananiambia, "Uza, dada, kila mtu anauza." Nimemjibu maneno ambayo siandiki hapa.

Nimeyachoma yenye ukungu yote. Yamelowa, yametoa moshi tu kutwa nzima. Machache mazima nimeyaweka mbegu. Mwanangu anakunywa uji wa ulezi wa kupimiwa dukani Chanji, na shamba hili lilikuwa likilisha watu tusiowajua hata majina.